Nilivyosimamia Mtihani Wangu Mwenyewe

Mlioanza nami tangu mwanzo mliniacha kwenye mlango wa darasa la wageni, tai shingoni, nikigoma kuingia. Baadhi yenu mmeandika kuniita mtu wa majivuno. Mmechelewa. Mke wangu alishaniita hivyo zamani, na yeye ana ushahidi.

Kwa aliyejiunga leo, mambo yako hivi. Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na miwili. Mke wangu alitangulia kuja katika jiji hili, akapata kazi ya kufua mashuka ya hospitali, na baada ya miaka minne akanivuta. Kitinda mimba wetu, binti wa miaka kumi na saba, alibaki nyumbani kwa dada yangu. Ili naye aruhusiwe kuja, wazazi wote wawili lazima wawe na cheti cha darasa la wageni, linalofundisha lugha na taratibu za hapa. Mama yake anacho. Baba yake, mwenye vyeti vya kujaza sanduku, hana.

Na akishatimiza miaka kumi na minane, sheria ya hapa inasema si mtoto wa mtu tena. Ilikuwa imebaki miezi mitano.

Basi niliingia.

Tulikuwa watu thelathini na mmoja. Alikuwepo kinyozi aliyekuja kulala. Alikuwepo bibi mmoja aliyepakata mkoba wake saa zote mbili, kana kwamba sisi wengine tulikuja kwa ajili ya huo mkoba. Walikuwepo dereva wa lori, mshona viatu, na ndugu wawili wa kike waliocheka kila tulipoambiwa tufungue kitabu. Dunia nzima ilikuwa imekusanywa katika chumba kimoja, na ilionekana kila nchi ilimtuma yule ambaye haikumhitaji. Mimi sikujihesabu.

Mwalimu wetu alikuwa binti wa umri wa kifungua mimba wangu. Alifundisha akiwa amekaa juu ya meza, anabembeza miguu. Nilipojibu swali la kwanza alinipigia makofi na darasa zima likamfuata. Mimi, niliyefundisha watu ambao leo ni mahakimu, nikapigiwa makofi kwa kutaja siku za juma.

Nyuma yangu, upande wa kulia, alikaa Sufuria.

Jina hilo nilimpa mimi. Kazi yake ilikuwa kuosha masufuria katika hoteli moja kubwa, na mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji. Alitoka nchi inayopakana na yetu, Kiswahili anakijua vizuri, shule aliishia darasa la nne. Siku ya kwanza aliposikia nilikuwa nani, alisimama akaniachia kiti chake kwa sababu changu kilikuwa kibovu. Tangu siku hiyo aliniita Mwalimu. Katika jiji lote hili la mamilioni ya watu, ni yeye peke yake aliyeniita hivyo, nami nikampa jina la chombo. Hata aliposikia hakukasirika. Alicheka akasema si uongo, Mwalimu, ndiyo kazi yangu.

Alikaa nyuma yangu makusudi, ili akikwama aniulize. Nami nilikuwa nafunika daftari kwa mkono, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, ili asione. Siku moja yule binti mwalimu alimwona akinyoosha shingo. Akamtishia kidole akicheka, akamwambia kila mtu ale sahani yake. Darasa likacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Likumbukeni hilo, maana wengine pia walilikumbuka.

Nyumbani nilikuwa namwaga yote mbele ya mke wangu. Nilimwambia jiji hili ni soko lisilo na mwenyewe. Jengo letu lina ghorofa sita, kila mlango una lugha yake, na kwenye lifti watu wanatazama namba za ghorofa ili wasitazamane. Mke wangu alikuwa akivua viatu vyake vya kazi, ananisikiliza kwa uso mkavu. Yeye kila mlango anabisha hodi. Mama wa ghorofa ya pili anampa mbegu za maua, mzee wa ghorofa ya nne anamtengenezea pasi.

"Wewe umewasalimia wangapi?" aliniuliza.

Nikamwambia mimi sikuja hapa kusalimia.

"Sasa unalalamika nini kuwa hawakujui?"

Niliingia bafuni nikafungua maji. Na nitakiri jambo, kwa kuwa hapa ndipo pa kukiri: maji yale niliyapenda. Yanatoka ya moto wakati wowote, hakuna ndoo, hakuna kusubiri. Niliipenda pia maktaba ya barabara ya nyuma, ambako mhudumu alinibebea vitabu mpaka mezani bila kuniuliza natoka wapi. Sikumwambia mke wangu. Ukishalisifu jiji kwa kitu kimoja, unapoteza haki ya kulitukana kwa vingine, na mimi matusi yangu nilikuwa bado nayahitaji.

Maktaba hiyo ndiyo iliyoniponza. Wiki tatu kabla ya mtihani, yule binti alikuja darasani na simu ya kuchezea watoto, ya plastiki, rangi ya njano. Akasema leo tutajifunza kuita msaada. Mmoja atakuwa nyumba inayoungua, mwingine atapiga simu. Kinyozi akachaguliwa kuwa nyumba. Akasimama katikati ya darasa akipunga mikono juu, huo ndio moto.

Nilibeba mkoba wangu nikatoka. Nilikaa maktaba nikasoma gazeti mpaka saa zikaisha, na niliporudi nyumbani nilimweleza mke wangu kwa kuigiza, nikipunga mikono. Alitabasamu kidogo kisha akaacha.

"Ungekaa tu," alisema.

Mtihani ulifanyika katika ukumbi wenye madirisha marefu. Maswali yalikuwa arobaini. Masharti tulisomewa mapema. Swali la nane, la tisa na la kumi ni ya usalama, lazima upate yote matatu. Ukikosa hata moja umeanguka, utarudia baada ya wiki sita. Ukipatikana unaangalizia, hurudii mpaka ipite miaka miwili.

Nilijibu maswali manane ya kwanza kwa dakika kumi, na nilipofika la nane nilikuwa nimeshaanza kuwahurumia wenzangu. La tisa lilisema: nyumba ya jirani inaungua, andika namba ya simu utakayopiga.

Kalamu ikasimama.

Namba ya zimamoto sikuwa naijua. Ilikuwa kwenye ile simu ya plastiki.

Niliruka nikamaliza mengine yote, nikarudi la tisa, nikalitazama nalo likanitazama. Ndipo bibi wa mkoba akanyoosha mkono kuomba karatasi ya ziada. Msimamizi wetu, mzee mnene wa viatu vya mpira, akatafuta mezani pake, akakosa, akatoka nje kwenda kuleta.

Ukumbi wa mtihani ukabaki bila msimamizi.

Sijui kama mnaelewa hilo lina maana gani kwa mtu kama mimi. Miaka ishirini na miwili. Wale ndugu wawili wakaanza kunong'ona. Kinyozi akageuza kichwa chote kwa dereva wa lori. Na mimi nikasimama. Naapa sikuamua, miguu ndiyo iliyoamua. Mikono ikaenda yenyewe nyuma ya mgongo, nikaanza kutembea kati ya madawati, pole pole, kisigino kwanza.

"Kila mtu na karatasi yake," nikasema, kwa Kiswahili.

Aliyeelewa maneno alikuwa Sufuria tu, akanyoosha mgongo papo hapo. Wengine walielewa sauti. Minong'ono ikakatika. Kinyozi akarudisha kichwa chake mahali pake. Ilikuwa dakika moja, labda na nusu, na sijawahi kuwa na dakika tamu kama ile tangu nishuke kwenye ndege. Nilitembea nikitazama kazi zao kwa jicho la kusahihisha. Kinyozi alikuwa amechora ndege pembeni. Mshona viatu alikuwa ameandika juu ya mistari na chini ya mistari, popote isipokuwa kwenye mistari. Takataka, nilijisemea, takataka tupu.

Nikafika kwa Sufuria. Herufi zake zilikuwa kubwa, zimekandamizwa mpaka karatasi imevimba upande wa pili. Swali la tisa alikuwa amelijibu. Tarakimu nne, kubwa, hazina wasiwasi.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama kwa wengine.

Mlango ukafunguliwa. Msimamizi akaingia na karatasi za ziada mkononi, akaniona, akaniuliza ninafanya nini.

"Nasimamia," nikamjibu kwa lugha ya hapa.

Ukumbi mzima ulicheka, hata bibi wa mkoba. Mzee yule hakucheka. Akanielekeza kiti changu kwa kidole, akakaa, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Mke wangu nilimsimulia mpaka hapo, nikasema hadithi imeishia hapo. Haikuishia hapo. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili. Nilikaa, nikashika kalamu, na kwenye swali la tisa nikaandika tarakimu nne za Sufuria. Niliziandika kwa mwandiko wangu ule ule mzuri, zimesimama kama watoto mstarini asubuhi. Nilimdharau mtu yule kuanzia unyayo hadi utosi, na bado nikaamini kwamba anajua nisichokijua.

Barua ilikuja baada ya siku nane. Mke wangu aliisoma akiwa amesimama jikoni, mkono mmoja ungali na glovu. Niliitwa mbele ya kamati kwa kosa la kuondoka mahali pangu na kutazama karatasi za watahiniwa wengine.

"Uliangalia?" akaniuliza.

Nikamwambia nilisimamia, ni mazoea, anajua mwenyewe nilivyo.

"Sikuulizi kama ulisimamia. Nakuuliza uliangalia?"

"Sikuangalia."

Akaivua ile glovu, akaikunja, akasema basi. Jioni binti yetu alipopiga simu, alituambia ameshapata begi kubwa la kuazima na shangazi yake amemshonea zipu. Akaniuliza, baba, huko watu wakoje? Nikamwambia wapo tu.

Yaliyofuata yalifanywa nyuma ya mgongo wangu. Mke wangu alimtafuta Sufuria mpaka mlango wa nyuma wa hoteli yake, akamwomba awe shahidi wangu. Jumapili nikafungua mlango nikamkuta, nywele kazichana na maji, mfuko wa machungwa mkononi. Alikaa kwenye ukingo wa kochi kama mtu aliyekuja kuomba nafasi ya shule. Mke wangu akamfundisha maneno ya kusema kwa lugha ya hapa, sentensi baada ya sentensi, naye akayarudia mpaka yakamkaa. Alisema na yeye anamsubiri mke wake na mapacha, anajua kusubiri kunavyouma. Mke wangu akaenda kumchemshia chai.

Tulipobaki wawili nilimuuliza aliona nini hasa siku ile.

"Niliona mwalimu anatembea," akasema.

"Na kwako?"

Aliitazama ile mikono yake iliyokunjamana. "Kwangu ulipita tu, Mwalimu. Ndivyo nitakavyosema."

Ndipo nikajua kwamba aliona. Aliona macho yangu yalipotua na yalivyokaa. Ilinichoma kwamba mtu wa darasa la nne amenijua, na ikanichoma zaidi kwamba hakuwa na haja ya kunidhalilisha. Mimi ningemdhalilisha.

Siku ya kamati nilivaa suti na tai. Sufuria alikuja na koti la kuazima, lenye mikono mirefu kuliko yake. Chumba kilikuwa na meza ya duara na watu watatu wa kamati. Mkubwa wao alikuwa mama mwenye miwani ya kamba. Mke wangu aliruhusiwa kukaa kwenye kiti karibu na ukuta, kwa sharti la kutoongea.

Sufuria aliitwa kwanza. Akasimama, akasema yote aliyofundishwa bila kukosea. Kwamba mimi ni mwalimu wa miaka mingi. Kwamba msimamizi alipotoka watu walianza kupiga kelele nami nikawanyamazisha. Kwamba nilipopita kwake sikutazama karatasi yake, wala ya mtu mwingine. Akaketi akifuta uso kwa mkono wa koti.

Watu wa kamati wakatazamana wakatabasamu. Mama wa Miwani akasema hata baba yake alikuwa mwalimu, na mpaka anastaafu alikuwa akitembea hivyo hivyo sebuleni kwao. Nikatabasamu nami, tabasamu la watu wa kada moja. Nilishaanza kuliona lile begi la binti yangu likija kwenye ule mkanda wa uwanja wa ndege.

"Kuna jambo dogo limebaki," akasema mama yule.

Akatoa karatasi mbili akaziweka sambamba mezani. Hata kwa mbali niliujua mwandiko wangu.

Alieleza kwa upole. Watahiniwa ishirini na tisa walipata swali la tisa. Wawili walikosa, na hao wawili waliandika namba moja, ile ile, tarakimu nne. Si namba ya zimamoto. Si namba ya kitu chochote katika jiji hili. Wameipiga, haipo.

Nilikuwa nimenakili uongo, tena kwa wino. Ningeiacha nafasi ile wazi ningerudia baada ya wiki sita, na ile miezi mitano ingetosha na kubaki.

"Mmoja wenu aliangalizia kwa mwenzake," mama akaendelea. "Shahidi ametuambia wewe hukuitazama karatasi yake. Yeye alikaa nyuma yako. Na mwalimu wenu anakumbuka aliwahi kumwonya darasani kwa kunyoosha shingo."

Hapo ndipo nilipoona mtego ulivyokaa, na kwamba hakuna aliyeutega. Sufuria alikuwa amenifungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe, na sasa mlango ule ule ulikuwa unamfungia yeye. Alinitazama, kisha akamtazama mama. Maneno aliyofundishwa yalikuwa yameisha, na ile lugha ya hapa ikamkimbia yote kwa mpigo. Kilichotoka kilikuwa Kiswahili.

"Mwalimu, hiyo namba imebandikwa juu ya sinki kule jikoni kwetu hotelini. Tuliambiwa kukiwaka moto tupige hiyo. Siku ya ile simu ya plastiki nilikuwa zamu kazini, mimi nilidhani ni ya mji mzima. Waambie, Mwalimu. Waambie waje waione."

Mama wa Miwani akanigeukia mimi, si yeye, kwa sababu mimi ndiye niliyevaa tai, na kwa sababu baba yake alikuwa mwalimu.

"Amesema nini?" akaniuliza.

Katika meza ile hapakuwa na mwingine aliyejua alichosema. Kulikuwa na ile miaka miwili ya adhabu ya kumpa mtu, na nilikuwa nimeishika mdomoni. Nilimfikiria binti yangu na zipu yake. Nilijaribu kuwafikiria wale mapacha, nikagundua sijawahi hata kuuliza wana umri gani.

Nikakohoa, nikaiweka tai sawa.

"Amesema," nikaanza, na nyuma yangu nikasikia kiti cha mke wangu kikisukumwa kutoka ukutani.